Ngano Iliyojificha Katika Bakuli la Mchuzi



Tuseme umealikwa arusini hapa Mlali. Umeketi jamvini pamoja na wenzako watano. Mbele yenu kuna sinia la wali, sahani ya chapati na bakuli moja la mchuzi. Mwenzako wa kulia anakata chapati, anachovya katika mchuzi, anakula. Wa kushoto naye anachovya. Wewe chapati huigusi, kwa sababu daktari alikukataza ngano. Unafinyanga tonge la wali, unachovya katika bakuli lile lile.

Je, umekula ngano au hukula?

Umekula. Makombo ya chapati za wenzako yamebaki katika mchuzi. Tena huenda mpishi alitia kijiko cha unga wa ngano ili mchuzi uwe mzito. Wewe hukuuona unga huo. Lakini tumbo lako litaujua.

Watu wakisikia kwamba fulani amekatazwa ngano, hufikiria mkate, chapati na maandazi. Vitu hivyo vinaonekana kwa macho, na mtu mwenye nia anaweza kuviacha. Mimi nasema kwamba taabu kubwa ya mgonjwa huyu iko katika vitu vya kuchovya na vya kumimina juu ya chakula: mchuzi, supu, rojo, kachumbari, na sosi za chupa. Ngano hujificha humo. Kwa hiyo leo tuzungumze habari za bakuli la mboga.

Kwanza, ugonjwa wenyewe ni upi? Madaktari wanauita siliaki. Ndani ya ngano mna kitu kinachoitwa gluteni. Ndicho kinachofanya unga wa ngano uvutike unapoukanda. Unga wa mahindi hauvutiki hivyo, kwa sababu hauna kitu hicho. Shayiri nayo ina gluteni, na nafaka ya Ulaya iitwayo rai pia. Mtu mwenye siliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake hukosea. Badala ya kupigana na vijidudu, huanza kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Utumbo mwembamba una vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula, kama mizizi inavyofyonza maji shambani. Vinyweleo hivyo huharibika. Basi mtu anakula, anashiba, lakini mwili haupati kitu.

Dalili zake ni kuharisha kwa muda mrefu, tumbo kujaa hewa, kukonda na uchovu. Wengine hawaharishi hata kidogo, ila damu inapungua, na vidonge vya kuongeza damu havisaidii. Mtoto anaweza kudumaa. Miguu yake inakuwa myembamba na tumbo linakuwa kubwa. Majirani wataanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hautokani na kurogwa. Mtu huzaliwa na asili yake, na huweza kujitokeza utotoni au ukubwani.

Hapa ni lazima nikuonye. Dalili hizo hizo huletwa pia na minyoo, vijidudu vya maji machafu, kifua kikuu, UKIMWI, au upungufu wa chakula. Magonjwa hayo ndiyo mengi zaidi kwetu. Kwa hiyo usijipe ugonjwa kwa kusoma gazeti. Nenda zahanati ukaeleze. Mganga akiona haja, atakuandikia uende hospitali kubwa. Huko hupima damu, na mara nyingi huingiza mpira mwembamba wenye taa kupitia mdomoni, ili wachukue kipande kidogo sana cha utumbo na kukichunguza. Na usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiacha mapema, utumbo huanza kupona, na kipimo kinaweza kusema huna ugonjwa kumbe unao. Wako watu siku hizi, hasa mijini, wanaoacha ngano kwa kufuata mtindo tu. Sisemi nao leo.

Tiba ya siliaki haimo katika chupa wala katika sindano. Tiba yake ni chakula, nayo ni ya maisha yote. Jambo hili liligunduliwa kwa uchungu. Huko Uholanzi alikuwako daktari wa watoto, jina lake Willem-Karel Dicke. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akishuku ngano. Kisha ikaja njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita. Mkate ulikosekana. Watu walikula hata vitunguu vya maua. Watoto wengi waliteseka, lakini wale wenye ugonjwa wa siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 Dicke aliandika kitabu cha uchunguzi wake, na dunia ikaanza kufahamu. Sisi wa Ugogo tunazo njaa zetu zenye majina. Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, bado inasimuliwa. Hatukuzoea kusikia kwamba njaa iliwahi kumponya mtu, lakini ndivyo ilivyokuwa kwa watoto wale.

Wala usiseme ni ugonjwa wa Wazungu tu. Mwaka 1999 madaktari walitangaza matokeo ya kuwapima watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara ya Magharibi wanaoishi katika kambi za wakimbizi nchini Algeria. Karibu watoto 6 kati ya kila 100 walikuwa na siliaki. Hicho ni kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya, ambako huwa ni kama mtu 1 kati ya 100. Na hao ni Waafrika wenzetu, ambao chakula chao kikubwa kimekuwa ngano.

Sasa turudi Mlali. Nasema bila kuficha: mtu mwenye ugonjwa huu akiishi katika wilaya ya Kongwa ana bahati ambayo mtu wa London hana. Huko London chakula cha kila siku ni mkate, na mgonjwa hununua mkate wa namna yake kwa bei kubwa. Hapa kwetu ugali ni wa mtama, uwele au mahindi. Vyote hivyo ni salama kwake. Ulezi, mchele, muhogo na viazi ni salama. Maharage, kunde, choroko, njugu mawe, karanga, ufuta na alizeti ni salama. Nyama, samaki, mayai na mboga za majani ni salama. Asikudanganye mtu kwamba lazima utume fedha Dar es Salaam kununuliwa makopo ya wagonjwa. Shamba lako linakutosha, ikiwa hutalichanganya na ngano.

Angalia mlenda. Watu wa mahali pengine huucheka, wakisema unateleza. Waache wacheke. Mlenda ni mboga ya kuchovya iliyo nzito kwa asili yake, wala hauhitaji unga wowote. Utie magadi kidogo, nyanya, na karanga zilizotwangwa. Mtu wa siliaki atakula ugali wake wa uwele bila wasiwasi. Ukikausha majani ya mlenda wakati wa mvua, utakuwa nayo hata mwezi wa Oktoba.

Angalia tena karanga. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kutafuta mafuta ya karanga. Walishindwa, na mwaka 1951 mpango ule ukaachwa. Lakini karanga za mkulima mdogo hazikushindwa. Zikaange, zimenye, zitwange mpaka zitoe mafuta. Korogea maji ya moto kidogo kidogo, tia chumvi, pilipili na maji ya ukwaju. Hiyo ni rojo nzuri ya kuchovea viazi, muhogo au nyama ya kuchoma, na ya kumimina juu ya mchicha. Ila chagua karanga kwa makini. Zilizokunjamana, zilizoota ukungu au zilizo chungu zitupe, wala usiwape kuku. Ukungu huo huleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo, ikiwa katika mahindi, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hilo halihusu siliaki. Linamhusu kila mtu.

Kachumbari nayo? Nyanya, kitunguu, tango, chumvi, ndimu, na kijiko cha mafuta ya alizeti. Hamna ngano humo. Kama ndimu zimekosekana, mibuyu tunayo. Chukua unga mweupe wa ubuyu, uloweke katika maji kidogo, uchuje, kisha umimine ukali wake juu ya kachumbari. Nimeona watu wakinunua siki dukani huku mbuyu umesimama nyuma ya nyumba yao. Maziwa ya mgando yaliyotiwa chumvi na pilipili ni kitu kingine kizuri cha kuchovea. Lakini mgonjwa ambaye utumbo wake haujapona anaweza kusumbuliwa na maziwa kwa miezi ya kwanza. Akisumbuliwa, aache kwanza, ajaribu tena baadaye.

Kama mpishi anataka mchuzi mzito, atumie unga wa muhogo, wa mchele au wa mahindi. Kijiko kimoja kikorogwe kwanza katika maji baridi, kisha kimiminwe chunguni. Mchuzi utakuwa mzito vile vile, na hakuna mlaji atakayejua tofauti. Kwa hiyo sioni sababu ya mpishi wa shughuli kushikilia ngano. Yeye hapotezi kitu. Mgonjwa mmoja kati ya wageni wake anaokoka na siku kadhaa za maumivu.

Pengine utauliza: Kijiko kimoja katika sufuria kubwa kinaweza kufanya nini? Tufanye hesabu. Kipande kimoja cha mkate kina kama gramu 2 za gluteni, yaani miligramu 2,000. Wataalamu walijaribu wakaona kwamba miligramu 50 kila siku, kwa muda wa miezi mitatu, zinatosha kuuumiza utumbo wa mgonjwa. Gawa 2,000 kwa 50. Utapata 40. Basi kata kipande cha mkate vipande vidogo 40. Kimoja tu kikiliwa kila siku, kinatosha kumdhuru. Ndiyo maana nasema makombo katika bakuli si jambo dogo.

Na hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Kwetu kula pamoja ni undugu. Mtu akijitenga na bakuli lake, watu watamtazama. Watasema anajivuna, au ana ugomvi na wenyeji, au anaogopa sumu. Fikiria mwanamke aliyeolewa karibuni, mwenye ugonjwa huu. Mama mkwe amempikia chapati kwa furaha. Mkwe anakataa.

"Mwanangu, hata kipande kidogo?"

"Nisamehe mama, tumbo langu halipokei ngano."

"Basi chovya mchuzi tu."

Na mchuzi umetiwa unga. Huyu mwanamke afanye nini? Akila, ataugua. Asipokula, amemvunjia heshima mama mkwe wake. Wengi watakula, kisha watajificha na maumivu yao. Mimi siwalaumu. Nawalaumu walio jirani nao ambao wameambiwa mara tatu na bado wanasema "kidogo hakidhuru."

Dawa ya jambo hili ni kusema mapema, kabla chungu hakijawekwa motoni. Mume ndiye aseme na mama yake. Si kazi ya mkwe peke yake. Na palipo na wageni, mgonjwa apakuliwe kwanza, kabla mkono wenye chapati haujaingia katika bakuli. Akipakuliwa kwanza hakuna atakayesema ametengwa. Kinyume chake, kwa desturi yetu anayepakuliwa kwanza ndiye aliyeheshimiwa. Nyumbani, siku ya chapati mpeni bakuli lake. Siku ya ugali, kuleni pamoja kama kawaida. Mwiko, chungu na ubao wa kusukumia chapati vioshwe vizuri kabla ya kumpikia. Mafuta yaliyokaangia maandazi au sambusa yasikaangie viazi vyake.

Hayo ni ya nyumbani, na yako katika uwezo wetu. Dukani ni mahali pengine. Tuseme umekwenda Kibaigwa kuuza mahindi, ukaingia dukani. Kuna chupa za sosi ya nyanya, sosi ya pilipili, sosi nyeusi ya soya, siki, na viungo vya mchuzi katika vipande na pakiti. Vingine havina ngano, vingine vinayo. Sosi nyeusi ya soya hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja, isipokuwa imeandikwa vingine. Siki nyingine hutokana na kimea cha shayiri. Viungo vya vipande huweza kutiwa unga wa ngano. Utajuaje? Utasoma karatasi ya chupa.

Wewe ulijifunza kusoma ukubwani. Ulikaa darasani jioni baada ya jembe, ukashika kalamu kwa vidole vigumu. Sasa unaweza kusoma gazeti hili. Unaishika chupa, unaigeuza, na maandishi yote ni ya Kiingereza! Je, kisomo chako kimekusaidia nini hapo? Kiwanda kinachouza chakula kwa Watanzania na hakiandiki kwa Kiswahili yaliyomo, kinamnyima mnunuzi haki yake. Kwa mtu wa siliaki kinamnyima zaidi ya haki. Neno "ngano" lina herufi tano. Wino wake haumalizi fedha za kiwanda. Wenye viwanda waambiwe hivyo, na sisi wanunuzi ndio tuwaambie, dukani na mikutanoni.

Wakati tunangoja, fanya hivi. Nakili maneno manne katika kipande cha karatasi, ukiweke pamoja na fedha zako: wheat, barley, rye, malt. La kwanza ni ngano, la pili shayiri, la tatu rai, la nne kimea, na katika chupa za dukani kimea huwa cha shayiri. Huna haja ya kujua Kiingereza. Linganisha herufi tu, moja moja. Ukiona neno mojawapo, irudishe chupa. Chupa isiyo na karatasi irudishe pia. Vyakula vingine vimeandikwa kwamba havina gluteni. Kwa kanuni ya kimataifa ya Codex iliyorekebishwa mwaka 2008, chakula cha namna hiyo kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Hicho kinafaa, lakini bei yake mara nyingi haifai.

Bizari na pilipili manga nunua nzima, usage mwenyewe. Zilizosagwa huweza kuongezwa unga ili zijaze kipimo. Na kwa muuza chipsi, muulize sosi yake imetoka wapi. Wako wanaoiongeza maji, kisha wakaitia unga ili isionekane nyepesi.

Limebaki jambo moja ambalo linanisumbua kuliko sosi zote, nalo ni uji wa lishe. Akina mama hushauriwa kuchanganya nafaka nyingi ili mtoto apate nguvu. Wengi hutia ngano humo. Kwa mtoto mzima wa afya si kosa. Lakini mtoto mwenye siliaki ambaye hajagunduliwa anazidi kukonda. Mama anaona mtoto anakonda, anaongeza uji. Uji una ngano, mtoto anakonda zaidi. Sisemi uji wa lishe uachwe. Nasema mchanganyiko uandikwe juu ya mfuko, na mama aambiwe aliomo, tena kwa Kiswahili. Mahindi, ulezi, karanga na soya vinatosha kufanya lishe nzuri bila ngano. Na mtoto asiyenenepa kwa uji arudishwe kliniki, isiwe kuongezewa kikombe tu.

Mashine ya kusaga nayo ni hivyo hivyo. Ikisaga lishe yenye ngano, unga wake hubaki ndani. Anayefuata hupata baraka asiyoiomba. Mwenye mgonjwa nyumbani azungumze na mwenye mashine ili asage asubuhi mashine ikiwa imekung'utwa, au baada ya debe kadhaa za mahindi ya wengine. Akishindwa kabisa, kinu kipo.

Mgonjwa akishika chakula chake hivyo, wengi huona nafuu katika wiki chache, ingawa utumbo wenyewe huchukua miezi mingi, hata miaka, kupona. Asidanganyike na nafuu akarudia maandazi. Na wazazi, ndugu na watoto wake wa damu wapelekwe wapimwe, hata kama hawaumwi, maana kati ya ndugu 10 wa namna hiyo mmoja hivi huwa nao. Waende wakiwa bado wanakula ngano.